Tangi la mafuta likivuja ardhini: mwongozo wa kufuatilia yalikokwenda

Simu za namna hii hufanana. Kituo cha mafuta kiko kando ya barabara, katikati ya mteremko. Bondeni kuna chemchemi iliyojengewa ukuta wa saruji na kutiwa mabomba mawili, na akina mama wanaoteka hapo wanalalamika kwamba maji yananuka petroli. Mwenye kituo anaapa tangi lake ni zima. Wewe, fundi wa maji au ofisa mazingira wa wilaya, umeitwa uje useme.

Nimeandika nikiwafikiria zaidi watu wa miji ya vilima, Kampala na jirani zake. Wa Busia na Malaba, ambako malori ya mafuta hupanga foleni mpakani na vituo vimebanana, watapata humu cha kuwafaa pia.

Anza na jerikani

Kabla hujapanda kituoni, shuka bondeni. Beba chupa safi ya kioo uliyotoka nayo nyumbani, kinga maji moja kwa moja kwenye bomba la chemchemi, funga, tikisa, kisha fungua na ujipepee harufu kwa mkono. Usitie pua chupani.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kupoteza nusu siku. Nilimhoji meneja, nikapitia dipu, yaani vipimo vya fimbo vya kimo cha mafuta tangini, za miezi mitatu, nikafungua mashimo ya pampu moja baada ya nyingine. Jioni ndipo nilipomuuliza mama aliyeleta malalamiko: “Mama, jerikani hii uliitoa wapi?” Akanijibu, “Nilinunua sokoni, mwanangu. Niliiosha kwa sabuni na mchanga mara tatu.” Ilikuwa imebeba petroli. Plastiki ya jerikani hunywa petroli na kuitoa kidogokidogo kwa muda mrefu, na mchanga na sabuni haviifikii iliyokwisha kuzama ndani.

Jambo la pili la bondeni ni utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Kwenye vinamasi vyetu vya mafunjo utando huo mara nyingi si mafuta, ni kazi ya bakteria wanaokula chuma. Chukua kijiti uuchokoe. Wa bakteria huvunjika vipande vipande kama ganda la yai na vipande hubaki vimeachana. Wa mafuta huzunguka kijiti, hujinyoosha, halafu huungana tena. Jaribio hili halina gharama na limewahi kuniokoa na aibu zaidi ya mara moja.

Ikiwa chupa yako nayo inanuka, watu waache kutumia chemchemi hiyo siku hiyohiyo, kabla ya majibu ya maabara. Wengi watakuambia watachemsha. Waeleze kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini petroli hugeuka mvuke na kujaa jikoni, mahali mtoto amebebwa mgongoni.

Vitabu vya kituo na midomo ya watu

Sasa panda. Omba kuona kumbukumbu za dipu za kila siku, mauzo ya kila pampu, na stakabadhi za kila lori lililoshusha. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kilichokuwemo, jumlisha kilichoingia, toa kilichouzwa, linganisha na dipu. Ugumu uko kwenye kuitafsiri.

Petroli hupungua ujazo ikipoa, takriban sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Lita 10,000 zilizoshushwa zikiwa na joto la mchana, zikipoa nyuzi tano chini ya ardhi, zimepungua lita 50 hivi bila hata tone kumwagika. Wizi nao upo, na pampu isiyopimwa vizuri ipo.

Upande wa pili, usiridhike na vitabu visafi. Tundu linalodondosha tone moja kwa sekunde, ukihesabu matone 20 kwa mililita, hutoa zaidi ya lita 4 kwa siku, kama lita 130 kwa mwezi. Kituo kinachouza lita 5,000 kwa siku huuza 150,000 kwa mwezi. Lita 130 ndani ya hizo ni chini ya asilimia 0.1, na fimbo ya dipu haiwezi kuziona. Marekani, ambako sheria ya matangi ya chini ya ardhi ilipitishwa mwaka 1984 na kanuni zake zikatoka 1988, kituo kinachotumia njia ya hesabu za dipu hutakiwa kushtuka tofauti ya mwezi ikizidi asilimia 1 ya mauzo pamoja na galoni 130, yaani lita 492. Kwa kituo chetu hiki hiyo ni karibu lita 2,000. Huko wamekwisha kuthibitisha uvujaji zaidi ya 500,000 tangu waanze kuhesabu.

Kipimo ninachokipenda zaidi ya dipu ni maji ndani ya tangi. Paka dawa ya kugundua maji kwenye ncha ya fimbo, ishushe hadi chini kabisa. Kwa kituo kilichojengwa karibu na bonde, tangi huwa limezama kwenye maji ya ardhini, na tundu lake hupitisha maji kuingia kabla halijapitisha mafuta kutoka. Maji yakiongezeka baada ya kila mvua kubwa, tafuta kwanza kama mfuniko wa mdomo wa kujazia umeziba vizuri. Mfuniko ukiwa mzima, yaelekea tangi limetoboka.

Halafu zungumza na watu, hasa askari wa usiku. Meneja hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, askari anaweza kuwa pale tangu tangi linafukiwa. Muulize lilifukiwa lini, kama ni la chuma, kama kuna jingine la zamani lililoachwa chini ya zege, lori hushushia wapi, na lini mafuta yalimwagika wakati wa kushusha. Mara nyingi tangi lenyewe halina kosa: mafuta hutokea kwenye viungo vya mabomba chini ya pampu, au yamefurika miaka nenda rudi kwenye mdomo wa kujazia. Kwa hiyo chora ramani inayoonyesha mabomba pia.

Soma kilima

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa, na wengi hupita haraka kwa sababu wanataka kuchimba.

Vilima vya Kampala vina kofia ya murramu mgumu juu. Chini yake kuna udongo mwekundu wa mfinyanzi, halafu mwamba uliooza ukawa laini huku ukibaki na mistari na nyufa za mwamba wa asili, kisha mwamba mzima. Mvua huzama juu, hutelemka ndani ya tabaka hizi, na hutokea chini ya kilima kama chemchemi. Barabara kuu, na vituo vya mafuta pamoja nazo, ziko katikati ya safari hiyo.

Petroli ni nyepesi kuliko maji, lita yake ina uzito wa gramu 740 hivi. Ikivuja hushuka wima, huacha sehemu yake imenasa kwenye udongo, na ikifika kwenye maji huelea na kutandaa. Inayoelea haitembei mbali sana. Kinachosafiri ni kile kinachoyeyuka ndani ya maji, na cha kuogopwa zaidi humo ni benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu. Piga hesabu hii uwaonyeshe wanaodharau: petroli yenye asilimia 1 ya benzeni ina takriban gramu 8.8 za benzeni kwa kila lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Lita moja ya petroli, benzeni yake yote ikiingia majini, inatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo hicho.

Kwenye karatasi moja chora kituo, mteremko, chemchemi, visima vya watu, na kila njia ya mkato: mtaro wa bomba la maji, mfereji wa maji taka, shimo la choo. Mtaro uliojazwa mchanga hupitisha mafuta na mvuke upesi kuliko udongo wa pembeni yake. Choo cha shimo nacho husahaulika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutafuta mahali pa chini, na kuna watu wanaoingia chooni na sigara au mshumaa.

Kabla ya kuchimba nje ya uzio wa kituo, pitia kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Bila yeye utakuta shimo lako limefukiwa asubuhi. Ijulishe NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, mapema pia. Sheria ya Mazingira ya Taifa ya 2019 inamtaka aliyechafua alipe, na ripoti ambayo NEMA haikujua ilivyoandaliwa ni rahisi kwa mwanasheria wa upande wa pili kuichana. Kwa visima, ulizia kibali kwenye Kurugenzi ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji.

Usalama, bila mjadala

Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke wake ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, cheche inatosha. Simu zizimwe, boda zisogezwe mbali, vizima moto viwe mkononi. Pima mvuke kwenye mdomo wa kila shimo. Hakuna mtu kuingia ndani ya shimo lolote, hata dakika moja kuokota koleo. Kwa mita ya kwanza na nusu chimba kwa mkono, polepole, kwa sababu ramani za nyaya za umeme na mabomba ya maji huwa haziaminiki.

Mashimo ya udongo

Keekee ya mkono, chombo cha kutobolea udongo, itakufikisha mita tatu hadi tano kwenye mfinyanzi. Kwenye murramu itakutoa machozi, kodi mashine. Weka mashimo karibu na mdomo wa kujazia, kando ya matangi, chini ya pampu kadiri inavyowezekana, na kwenye njia ya mabomba. Weka moja upande wa juu wa kilima, mbali na matangi, liwe shahidi wako wa udongo msafi.

Kila nusu mita toa udongo, andika rangi, unyevu na aina yake. Udongo mwekundu uliokaa na petroli muda mrefu hugeuka kijivu au kijani kibichi kilichofifia, kwa sababu bakteria wamemaliza hewa. Nusu ya donge tia kwenye mfuko wa plastiki wa kufungika, ujaze hadi nusu, funga, uponde kwa vidole, uache kivulini dakika kumi, kisha chomeka kipima mvuke, kile mafundi wanachokiita PID. Namba yake haikwambii ni benzeni kiasi gani. Inakwambia ni donge lipi la kupeleka maabara, na hiyo ndiyo kazi yake.

Donge linalokwenda maabara lisipondwe wala lisipitie mfukoni. Litoe haraka kutoka katikati ya keekee, ulijaze kwenye chupa ya kioo hadi ukingoni, ufunge, uweke kwenye barafu. Kila sekunde linapokaa juani benzeni inaondoka, na majibu yatakuja mazuri kuliko ukweli.

Visima vya uchunguzi

Unahitaji visivyopungua vitatu, kimoja kikiwa upande wa juu wa kilima, na visipangwe kwenye mstari mmoja. Viwili haviwezi kukwambia maji yanaelekea wapi.

Bomba la plastiki la milimita 50 linatosha. Sehemu yenye matundu membamba izungukwe na mchanga uliochekechwa, juu yake bentonaiti, aina ya mfinyanzi, iliyoloweshwa ivimbe na kuziba, halafu saruji. Swali ni matundu yakae kina gani, na hapo ndipo nilipowahi kuaibika. Nilichimba mwezi wa Januari, maji yakiwa mita sita chini. Nikaweka matundu kuanzia mita saba hadi kumi, nikidhani nimefanya vizuri kuyazamisha majini. Majibu yakaja safi. Mwezi wa Mei, jirani aliyekuwa akichimba msingi wa nyumba mita 20 kutoka kisima changu akakuta petroli inaelea kwenye shimo lake. Kisima changu kilikuwa kikinywa maji ya chini, na mafuta yakielea juu ya bomba lisilo na tundu. Matundu lazima yavuke uso wa maji: yaanze juu ya kimo cha maji cha msimu wa mvua, yaishie chini ya kimo cha kiangazi. Kusini mwa Uganda mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Waulize wenye visima jirani maji hupanda hadi wapi.

Kisha pima urefu wa midomo ya mabomba kwa levo moja, yaani yote kutoka kwenye alama ileile. Kama huna mashine ya mpimaji, mpira wa maji wa mafundi uashi, ule unaopitisha mwanga, hufanya kazi nzuri kwa umbali mfupi. Hakikisha tu hauna povu ndani. Toa kina cha maji kwenye urefu wa mdomo, upate kimo cha maji cha kila kisima.

Tuseme A ni mita 99.20, B ni 98.80, C ni 98.20, na kutoka A hadi C ni mita 25. Kwenye mstari wa A na C maji yanashuka mita 1 kamili. Mahali penye kimo cha B, yaani 98.80, pako mita 10 kutoka A. Weka alama, iunge na B kwa mstari. Maji yanatembea yakikata mstari huo kwa pembe mraba, kuelekea upande wa C. Ndiyo hesabu nzima, na penseli inatosha.

Ikiwa mafuta yanaelea kisimani, yamekandamiza maji chini. Zidisha unene wa mafuta kwa 0.74, jumlisha kwenye kimo cha maji ulichopima, ndipo uchore. Wala usimtishe mtu kwa unene huo: sentimita 30 ndani ya bomba hazina maana ya sentimita 30 kwenye udongo wa nje. Bomba hukusanya.

Mwendo wa maji nao unakadirika. Udongo unaopitisha mita 0.5 kwa siku, mteremko wa maji wa mita 4 kwa kila 100, nafasi wazi za udongo sehemu 0.2: 0.5 mara 0.04 gawanya kwa 0.2 ni mita 0.1 kwa siku, kama mita 36 kwa mwaka. Chemchemi iliyo mita 150 chini ingefikiwa baada ya miaka minne hivi. Benzeni huchelewa kuliko maji yenyewe kwa kuwa hushikana na udongo na huliwa na bakteria. Lakini kwenye nyufa na mashimo ya murramu hesabu hii haishiki, maji hukimbia. Itumie kujua kama hadithi unayoambiwa inawezekana, usiitumie kumwahidi mtu mwaka.

Kuchota maji ya kupima

Maji yaliyosimama kwenye bomba yatolewe kwanza, ujazo wake mara tatu. Bomba la milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita ya maji, kwa hiyo mita nne za maji ni kutoa lita 24. Maji haya yana mafuta, usiyamwage mtaroni. Yatie kwenye pipa.

Anza na kisima unachodhani ni kisafi, malizia na kichafu. Badilisha glavu kila kisima. Na mkumbushe dereva: asijaze mafuta gari njiani halafu akashika chupa, na jenereta yenye tangi la petroli isipakiwe pamoja na sampuli. Tia pia garini chupa moja ya maji safi ya maabara ambayo haitafunguliwa. Ikirudi na petroli, unajua uchafu uliingia safarini.

Chupa za mililita 40, zenye matone ya asidi haidrokloriki tayari, zijazwe taratibu hadi maji yavimbe mdomoni, kisha funga. Igeuze juu chini, igonge kwa kidole. Ukiona povu hata la ukubwa wa punje ya mtama, chota nyingine. Kwenye barafu, chini ya nyuzi 6, zinakaa siku 14. Kila anayezipokea asaini na kuandika saa.

Kwenye fomu ya maabara omba benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni, ambazo kwa kifupi huandikwa BTEX, pamoja na jumla ya haidrokaboni za petroli na naftalini. Kituo kikiwa cha kabla ya 2006, ongeza madini ya risasi, kwa sababu petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka huo, na udongo wa chini ya tangi la zamani bado unaikumbuka.

Majibu yakirudi

Kwa maji ya kunywa, vikomo vya Shirika la Afya Duniani ni benzeni miligramu 0.01 kwa lita, ethilibenzeni 0.3, zaileni 0.5, tolueni 0.7. Linganisha kila kisima na kile cha juu ya kilima. Kikichafuka hicho cha juu, kuna chanzo kingine, pengine gereji inayomwaga oili chafu, na mwenye kituo ana haki ya kusikilizwa.

Kama kisima cha mwisho upande wa bondeni bado ni kichafu, hujamaliza: ongeza kingine mbele yake, hadi upate kisafi. Ripoti isiyo na kisima kisafi mbele haijui uchafu unaishia wapi. Rudia kupima msimu wa mvua na wa kiangazi.

Na kila bomba lifungwe kwa mfuniko wa chuma na kufuli siku ileile linapokamilika. Kisima kilichoachwa wazi mtaani, kufikia Jumatatu, kina mawe ya watoto na nusu lita ya oili chafu ya bodaboda, na utaanza upya.